Wapangaji wa Mji Mkongwe

Hapa Wesha ukitaja Mji Mkongwe wa Unguja, watu hukumbuka Forodhani, Beit al-Ajaib na masultani. Hata wale waliokwenda mara moja tu kutibiwa wana hadithi ya milango ya nakshi. Mimi, msomaji mwenzangu, nataka kuwakumbuka wapangaji.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa, na nyingine ziliachwa na wenyewe waliokimbia. Wakaingizwa watu wa shamba, na sisi Wapemba tele. Jumba la tajiri mmoja likawa la familia kadhaa, kila chumba na jiko lake. Nathubutu kusema kwamba watu hawa wamelaumiwa kupita kiasi. Eti wao ndio walioziharibu nyumba! Kwani paa la jumba zima ni la mpangaji wa chumba kimoja? Mwenye nyumba alikuwa serikali, na kodi ilikuwa ndogo hata isitoshe matengenezo.

Na nyumba ya mawe haitaki kusahauliwa. Kuta zake ni matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: boriti haifiki mbali. Paa likivuja masika moja, maji hushuka ndani ya ukuta, boriti huoza, na siku hiyo ghorofa nzima inakuja chini. Ukiziba kwa saruji ndiyo umemaliza kabisa, maana unyevu hukosa pa kutokea. Mafundi wa zamani waliyajua haya bila cheti.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, sheria yake ikaja 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Hayo yanasemwa sana. Halisemwi sana lile jumba bovu la Uwanja wa Kelele, lililojaa wapangaji wa kipato kidogo. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolitengeneza, wapangaji wenyewe walishirikishwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hifadhi. Mwaka 2002 wapenzi wa mji nao wakaunda jumuiya yao ya urithi, wasiachiwe maofisa peke yao.

Lakini hoteli zina nguvu, bwana. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nyumba baada ya nyumba imeuzwa, ikapakwa chokaa safi, na waliokuwa wakikaa barazani wakahamia Ng'ambo na mbali zaidi. Jiwe limebaki, mtaa umeondoka. Wala ukubwa wa jina si kinga: Beit al-Ajaib, ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo. Walikufa watu wawili.

Na Pemba je? Ngome ya Chake Chake, jirani yetu, sehemu yake kubwa ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha hospitali. Kipande kilichobaki ni makumbusho. Hospitali ilihitajika, sibishi. Ila zile nyumba kongwe za madukani Chake bado zina watu ndani. Kabla hajafika mgeni na karatasi zake za kununua, wakaao humo waulizwe wanataka nini. Pengine watasema gunia la chokaa na fundi wa paa.