Madini Duni, Baraka Kubwa: Beji za Mahujaji wa Ulaya ya Kale

Kati ya karne ya 12 na ya 15, Mkristo wa Ulaya aliyerudi kutoka hija alitambulika hata kabla ya kusalimiwa. Aliyefika Santiago de Compostela, Hispania, alivaa kombe la baharini, alama ya Mtakatifu Yakobo. Aliyetoka Yerusalemu alirudi na tawi la mtende. Wa Roma alishonea kofiani sura za Mitume Petro na Paulo, na wa Rocamadour, Ufaransa, picha ya Bikira Maria akiwa amempakata Mwanawe.

Tukiziita alama hizo mapambo ya safari, tunawapunja waliozivaa. Nyingi zilisubiwa katika kalibu za mawe kwa mchanganyiko wa risasi na bati, madini duni ambayo hata mtu wa kipato kidogo aliweza kuyamudu. Thamani yake ilitoka kwingine. Hujaji aliigusisha beji yake kwenye kaburi la mtakatifu au kwenye sanduku la masalia, akiamini kwamba baraka ya mahali pale imeingia ndani ya beji na itakwenda naye nyumbani. Huko beji iliweza kupigiliwa mlangoni, kufukiwa shambani ili kulinda mazao, au kushonewa ndani ya kitabu cha sala. Mafundi wa kengele nao walibandika beji kwenye kalibu zao, na chapa zake bado zinaonekana kwenye kengele kadhaa za kale.

Imani hii haikuzaliwa Ulaya. Karne nyingi kabla ya hapo, huko Abu Mena, Misri, Wakristo walilizuru kaburi la Mtakatifu Mena na kuondoka na vichupa vya udongo vilivyochorwa mtakatifu huyo akiwa katikati ya ngamia wawili. Canterbury, Uingereza, ilifuata njia ileile. Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173, na mahujaji wakaanza kuondoka na vichupa vya madini vyenye maji yaliyoaminika kuchanganywa na damu yake. Walivivaa vichupa hivyo shingoni na kuwanywesha wagonjwa maji hayo.

Aachen, Ujerumani, ndiko imani hii ilikofika mbali zaidi. Kila baada ya miaka saba masalia ya kanisa kuu yalionyeshwa hadharani, na umati ukawa mkubwa kiasi kwamba wengi hawakuweza kuyakaribia, sembuse kuyagusa. Basi zikatengenezwa beji zenye kioo kidogo. Hujaji alikiinua kioo juu ya vichwa vya watu ili kipokee mng'ao wa masalia kutoka mbali. Mmoja wa waliowekeza katika kazi hiyo alikuwa Johannes Gutenberg, ambaye baadaye alisifika kwa uchapaji. Yeye na washirika wake huko Strasbourg walijiandaa kwa hija ya 1439, lakini ikasogezwa hadi 1440 kwa sababu ya tauni, na mtaji wao ukakwama.

Palipo na umati pana fedha, na Kanisa lilitaka kuidhibiti. Mwaka 1199 Papa Inosenti III aliwapa makanoni, yaani makasisi wa Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, haki ya kusimamia utengenezaji wa beji za Mitume. Mapapa wa karne ya 13 walikataza makombe ya Mtakatifu Yakobo kuuzwa nje ya Santiago, na mkaidi aliweza kutengwa na Kanisa. Biashara yenyewe ilikuwa kubwa: huko Regensburg, Ujerumani, katika mwaka mmoja tu wa 1520, ziliuzwa beji zaidi ya 100,000.

Beji pia ilimkinga mvaaji njiani, kwa kuwa sheria za Kanisa zilimlinda hujaji. Ndiyo maana matapeli nao walizivaa. William Langland, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, alimchora hujaji aliyejaa alama za kila mahali patakatifu, lakini alipoulizwa aliko mtakatifu aitwaye Ukweli, alijibu kwamba hakuwahi kumwona hujaji akimwulizia. Lawama hiyo ni nzito, na kwa baadhi ilistahili. Hata hivyo, haifuti machozi ya mama aliyetembea majuma kadhaa kutafuta maji ya kumponya mwanawe.

Matengenezo ya kidini ya karne ya 16 yalizizima hija nyingi. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliamuru kaburi la Becket libomolewe. Beji nyingi, hata hivyo, zilikwisha kuzama mitoni tangu zamani, na matope ya Thames na Seine yakazihifadhi zisioze. Zile ambazo Arthur Forgeais alizikusanya kutoka Seine katika karne ya 19 ziko leo katika Makumbusho ya Cluny, Paris. Wakulima na mafundi wengi wa zama hizo hawakuacha barua wala kitabu, na kwa anayetaka kujua walichokiamini, vipande hivi vya risasi ni ushahidi wa kuheshimiwa kuliko dhahabu ya maaskofu wao.