Daktari Bingwa wa Wanawake na Uzazi: Malezi Yake, Dhamiri Yake na Wajibu Wetu

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kifo cha Rakeli, aliyeshikwa na uchungu mzito njiani kuelekea Efrata, akamzaa Benyamini, akafa na kuzikwa kando ya njia. Sisi wa Tabora tuna sababu ya kuisoma habari hiyo kwa makini, kwa maana mji wetu ni mwana wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilituama Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji au ile ya kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza. Ndani yake walikuwamo pia wanawake, wengine wapagazi, wengine wake za wapagazi, wengine mateka; na mimba haikungoja msafara ufike.

Leo tuna reli na barabara za lami. Hata hivyo, mama wa Sikonge, Kaliua au Uyui anayetokwa na damu usiku wa manane bado ni msafiri. Swali ni je, mwisho wa safari yake atamkuta mtu aliyeandaliwa kumwokoa? Makala hii inaeleza jinsi daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi anavyoandaliwa, Kanisa linamfundisha nini, na waamini wanadaiwa nini.

Njia ya masomo

Nchini Tanzania, kijana husomea shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka 5, kisha hufanya utarajali wa mwaka 1 hospitalini, ambapo wodi ya wazazi ni mojawapo ya idara za lazima. Akisajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, anaweza kufanya kazi kama daktari wa kawaida. Wengi hutumikia kwanza wilayani kabla ya kurudi chuoni kusomea ubingwa, ambao ni shahada ya uzamili ya kitabibu. Masomo hayo kwa kawaida huchukua miaka 3, na katika baadhi ya vyuo miaka 4.

Kwa ukanda wetu, shule iliyo karibu ni Bugando, Mwanza, mwendo wa kilometa zipatazo 360 kutoka Tabora. Hospitali hiyo ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, kisha ikarejeshwa mikononi mwa maaskofu mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuhudumu pamoja na Serikali. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, na tangu mwaka 2003 ina chuo kikuu cha afya pembeni yake.

Kwa nini hospitali kubwa? Kwa sababu ufundi huu haujifunzwi kwa vitabu peke yake. Hospitali ndogo yaweza kukaa miezi mingi bila kupokea mama aliyepasuka mfuko wa uzazi. Katika hospitali ya rufaa, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi, kutokwa na damu baada ya kujifungua na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huletwa kutoka mikoa mingi. Daktari anayesomea ubingwa hutazama kwanza, kisha humsaidia bingwa mezani, kisha hupasua mwenyewe akisimamiwa. Hushika zamu za usiku, hupita wodini asubuhi, huhudumia wenye saratani ya mlango wa kizazi na fistula, huandika tasnifu na kufanya mitihani.

Jambo moja katika malezi hayo lastahili kujulikana parokiani. Kila kifo kitokanacho na uzazi kinatakiwa kujadiliwa na jopo la watumishi wa afya. Wanachunguza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Bingwa huponya zaidi ule wa tatu. Miwili ya kwanza imo mikononi mwa familia na jumuiya.

Utafiti wa Taifa wa Afya wa mwaka 2015/2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kila kifo kilichobaki katika hesabu hiyo kina jina, kina mume, na mara nyingi kina watoto wanaoachwa.

Kanisa na elimu ya uzazi

Utabibu si mgeni katika umisionari wa magharibi mwa nchi yetu. Adriano Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni katika nchi ya Mali ya leo na kukombolewa na Wamisionari wa Afrika, alipelekwa na Kardinali Lavigerie kusomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akahudumu huko kama daktari na katekista hadi alipofariki mwaka 1956.

Kwa upande wa uzazi, sheria ya zamani iliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Nchini Uganda, Mama Kevin, mtawa Mfransisko, alishirikiana na daktari mlei Evelyn Connolly kuanzisha shule ya wauguzi na wakunga Nsambya mwaka 1921. Tarehe 11 Februari 1936, Roma iliwafungulia rasmi watawa wa kike mlango wa kuwahudumia wazazi katika nchi za misioni. Kanisa lilitambua kwamba usafi wa moyo haupungui kwa kumpokea mtoto anayezaliwa.

Dhamiri chumbani mwa upasuaji

Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walikataa amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume. Hao ndio wasimamizi wa kwanza wa dhamiri katika fani hii. Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 2001, na Papa Fransisko mwaka 2013, walizungumza na madaktari Wakatoliki wa wanawake wakiwahimiza wasikubali kushinikizwa kutenda kinyume cha uhai.

Msimamo huo hauna maana ya kumwacha mama afe. Kanisa linakataa kuua mtoto kwa makusudi. Halikatazi kutibu ugonjwa wa mama, kama saratani ya mfuko wa uzazi, hata kama tiba hiyo italeta hasara isiyokusudiwa kwa mimba. Mwaka 1993 Idara ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa ilieleza kwamba mfuko wa uzazi ulioharibika kiasi cha kuhatarisha maisha ya mama papo hapo waweza kuondolewa. Bali kuuondoa, au kufunga mirija, kwa sababu tu mimba ya baadaye huenda ikawa ya hatari, ni kufunga uzazi moja kwa moja, jambo lisiloruhusiwa. Mwaka 2018 Idara hiyo iliongeza kwamba, pale wataalamu wanapokuwa na hakika kuwa mfuko hauwezi tena kubeba mimba hadi mtoto aweze kuishi, kuuondoa si kufunga uzazi kwa maana hiyo. Daktari kijana anahitaji kuyajua haya kabla ya zamu, kwa maana saa nane za usiku si saa ya kuanza kusoma maadili.

Wajibu wa waamini

Wilaya inapompeleka daktari masomoni, hupoteza mikono yake kwa miaka 3. Na akihitimu, mji mkubwa humvuta. Parokia inayompa makazi yenye staha, urafiki na shule nzuri kwa wanawe humpa sababu ya kurudi.

Zaidi ya hayo, jumuiya ndogondogo zaweza kufanya mambo manne. Kwanza, kuweka akiba ya dharura kwa kila mjamzito. Pili, kueneza namba 115 ya mfumo wa m-mama, inayopigwa bila malipo kuomba usafiri wa mama au mtoto mchanga aliye katika hatari. Tatu, kuchangia damu, kwani bingwa bila damu ni mkulima bila mbegu. Nne, kuwafundisha wanaume kwamba ruhusa ya kwenda hospitali hutolewa kabla ya uchungu, wala mama asikalishwe nyumbani kumsubiri mume aliye safarini au baraza la wazee.

Tukumbuke pia upande wa roho. Mjamzito aliye katika hatari kubwa kwa sababu ya ugonjwa aweza kupokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Mtoto mchanga aliye katika hatari ya kufa aweza kubatizwa na mtu yeyote, muuguzi au daktari, kwa maji ya asili na maneno ya Ubatizo, akikusudia lile ambalo Kanisa hulitenda. Kisha parokia ijulishwe ili jina liandikwe kitabuni.