Walioanguka Wakijifunza

Msomaji wangu, ukifika Nakuru usiridhike na kulitazama ziwa na heroe wake tu. Nenda pia kwenye makaburi yaliyo upande wa kaskazini wa mji. Huko utaona mawe ya askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na miongoni mwao wamo vijana wa jeshi la anga. Utajiuliza: adui hakufika Nakuru, vijana hawa walikufaje?

Mwaka 1941 Jeshi la Anga la Uingereza lilihamisha Kikosi chake Namba 70 cha mafunzo kutoka Misri na kukileta Nakuru. Hapo rubani, mwonyesha njia na mpiga bunduki walifundishwa kufanya kazi pamoja kabla ya kupelekwa vitani. Walitumia ndege ziitwazo Blenheim, zenye injini mbili. Kikosi kilikaa hapo hata mwaka 1943, kisha kikarejea Misri. Baadhi ya wanafunzi wake hawakurejea, kwa kuwa ndege zao zilianguka wangali wakijifunza.

Yafaa ujue kwamba kutua ni kugumu kuliko kuruka. Ndege inayokaribia uwanja hupunguza mwendo na kushuka chini. Mwendo ukipungua kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba, nayo huanguka ghafula. Ikiwa juu sana, rubani aweza kuiinamisha ipate mwendo tena. Ikiwa karibu na ardhi, hana nafasi ya kusahihisha kosa lake. Tena Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo ndege hugusa ardhi kwa kasi zaidi kuliko pwani, kwa karibu sehemu moja katika kumi, nayo huhitaji uwanja mrefu zaidi ili isimame. Mgeni aliyezoea viwanja vya nchi za chini hana budi kujifunza upya.

Wala msiba wa namna hii haukuanza na vita. Tarehe 12 Machi 1928, huko Nairobi, Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege katika Kenya, alikuwa angani akimfundisha mwanafunzi wake. Ndege ilianguka, wakafa wote wawili. Mimi niliye mwalimu siwezi kulisoma jambo hilo bila kutafakari: mwalimu wa darasani husahihisha kosa kwa wino mwekundu, lakini mwalimu wa urubani hukaa ndani ya kosa la mwanafunzi wake.

Wahenga walisema, ajali haina kinga. Lakini historia ya urubani yatufunza kuwa kila ajali iliyochunguzwa kwa makini imewakinga wengine wasiangamie vivyo hivyo. Kanuni ambazo rubani mwanafunzi wa leo hukaririshwa, juu ya mwendo, kimo na uzito wa hewa, zimetokana na misiba ya waliotangulia.

Basi, msomaji, usomapo habari za vita usiwahesabu mashujaa wa mapigano peke yao. Wakumbuke na wale waliokufa kabla ya kuhitimu. Hawakushinda vita vyovyote, lakini wanaotua salama leo wana deni kwao.