Henry VIII hakuomba talaka

Ukiuliza Kanisa la Uingereza lilianzaje, wengi watakujibu kwa mkato: mfalme alitaka talaka, Papa akamkatalia, naye akaanzisha kanisa lake. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba Henry VIII hakuomba talaka. Kanisa alilolianzisha lilikaa karne baada ya karne bila kumruhusu mtu aachane na mwenzake na kufunga ndoa nyingine, wakati Waprotestanti wa Ujerumani, Uswisi na Scotland walikwisha kuruhusu.

Mwaka 1509 Henry alimwoa Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake Arthur, kwa kibali maalumu cha Papa Julius II. Kufikia 1527 watoto wao walikuwa wamekufa isipokuwa binti mmoja, Mary, na mfalme alikuwa amempenda Anne Boleyn. Akadai kwamba kitabu cha Walawi kinakataza mtu kumchukua mke wa nduguye, kwa hiyo kibali kilikuwa batili na ndoa haikuwahi kuwepo. Huko ni kubatilisha ndoa, si kuivunja. Wakubwa wengi kabla yake walikwisha kukubaliwa ombi la namna hiyo. Bahati mbaya yake ni kwamba mwaka huohuo askari wa Kaisari Charles V, mpwa wa Catherine, waliiteka Roma, na Papa Clement VII hakuthubutu kumuudhi Kaisari.

Kesi ilizungushwa miaka sita. Mei 1533 Askofu Mkuu Thomas Cranmer aliitangaza ndoa hiyo kuwa batili, na mwaka 1534 Bunge likamtambua Henry kuwa mkuu wa Kanisa. Anne naye alibatilishiwa ndoa siku mbili kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1536, na Anne wa Cleves mwaka 1540. Kati ya wake sita wa mfalme huyo, hakuna aliyepewa talaka kwa maana tunayoijua leo.

Mzozo wenyewe ulikuwa wa Maandiko. Katika Marko 10 Yesu anakataza kuachana bila kuweka sharti. Katika Mathayo 19 unabaki mwanya wa uzinzi. Na katika 1 Wakorintho 7 Paulo anasema muumini hafungwi iwapo mwenzake asiyeamini ameamua kuondoka. Martin Luther na John Calvin waliipitia mianya hiyo, wakamruhusu aliyetendewa uzinzi au aliyetelekezwa afunge ndoa tena. Roma ilijibu kwa Mtaguso wa Trento, uliosisitiza mwaka 1563 kwamba kifungo cha ndoa hakikatwi hata kwa uzinzi.

Cranmer alishika njia ya Luther. Rasimu yake ya sheria za kanisa ingeruhusu talaka kwa uzinzi, utelekezaji na ukatili, lakini mwaka 1553 haikupita bungeni. Hivyo kanisa lililojitenga na Roma likabaki na sheria ya Roma. Mahakama zake ziliweza kuwatenganisha wanandoa kitanda na meza, basi. Kanuni za 1604 ziliwataka waliotengana waweke dhamana kwamba hawatafunga ndoa nyingine wakati wenzao wako hai.

Mwenye nacho alipata uchochoro. Mwaka 1670 Bunge lilipitisha sheria kwa ajili ya mtu mmoja, Lord Roos, ili aweze kuoa tena. Baadaye utaratibu ukazoeleka: mume anatafuta hukumu ya kutengana katika mahakama ya kanisa, anamshitaki mgoni wake na kudai fidia, kisha anapeleka muswada wake bungeni. Hadi 1857 sheria za namna hiyo zilikuwa zaidi ya 300, na wanawake waliofanikiwa walikuwa wanne tu. Wa kwanza, Jane Addison, alishinda mwaka 1801 baada ya mumewe kuzini na dada wa Jane mwenyewe.

Sheria ya mwaka 1857 ilihamishia kesi za ndoa katika mahakama ya serikali. Uzinzi wa mke ulimtosha mume kupata talaka. Mke alipaswa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au utelekezaji, na ubaguzi huo ulidumu hadi 1923. Kanisa lilijihifadhia haki moja: kasisi asiyetaka kumfungisha ndoa aliyeachwa kwa uzinzi wake hakulazimishwa.

Msimamo wa Kanisa dhidi ya ndoa za walioachika ulimgharimu mfalme kiti chake. Desemba 1936 Edward VIII alijiuzulu ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa na watalaka wawili walio hai. Walifunga ndoa Ufaransa Juni 1937, na kasisi mmoja wa Darlington, Robert Anderson Jardine, akaenda kuwabariki bila ridhaa ya maaskofu. Madhabahu ilikuwa sanduku la mbao la nyumbani humo, lililofunikwa kitambaa cha meza ya chai. Mwaka 1955 Binti Mfalme Margaret alitangaza kwamba hataolewa na Peter Townsend, mwanamume aliyekuwa na talaka, akitaja mafundisho ya Kanisa.

Muongo mmoja baadaye upepo uligeuka. Mwaka 1966 jopo lililoundwa na Askofu Mkuu wa Canterbury lilipendekeza mahakama iache kusaka mkosaji na ipime kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Bunge likaweka kigezo hicho katika sheria ya 1969, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inakitumia hadi leo.

Ajabu ni kwamba milango ya Kanisa la Uingereza lenyewe ilibaki imefungwa. Sinodi Kuu ilikubali tu Julai 2002 kwamba kasisi, akiona inafaa, anaweza kumfungisha ndoa aliyeachika ambaye mwenzake yu hai. Hata hivyo, mwaka 2005 Mwanamfalme Charles na Camilla, wote walioachika, walifunga ndoa ya serikali kwanza, kisha wakaenda kuombewa kanisani. Mwaka 2018 Meghan Markle, aliyekuwa ameachika, alifungishwa ndoa kanisani na Askofu Mkuu mwenyewe.

Uamuzi wa Sinodi hiyo hauyafungi makanisa ya Anglikana ya Tanzania, Kenya wala Uganda, kwa kuwa kila jimbo hujiamulia. Lakini anayemtaja Henry VIII ili kuwakejeli Waanglikana kwamba kanisa lao lilijengwa juu ya talaka, ajue kwamba talaka ilichelewa huko kuliko karibu kote katika Uprotestanti, na iliyoanza kuifungua njia ni sheria ya Bunge ya 1857. Madhabahu ilifuata nyuma, miaka 145 baadaye.