Jinsi ya Kuchagua Shanta Jepesi Lenye Fremu kwa Safari za Siku Kadhaa

Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori iliyopo Pasiansi, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, huwaandaa askari wanyamapori. Katika Mlima Kilimanjaro mpagazi huruhusiwa kubeba mzigo usiozidi kilo 20. Askari aliye doriani kwa siku kadhaa hana mpagazi, hivyo uzito wote wa shanta huubeba mwenyewe.

Kazi ya fremu ni kuuhamishia uzito nyongani kutoka mabegani. Kwa sababu hiyo kipimo cha kwanza si ujazo, bali urefu wa mgongo: kuanzia mfupa unaochomoza chini ya shingo, kichwa kikiinamishwa, hadi usawa wa ncha za juu za nyonga. Mtu mrefu aweza kuwa na mgongo mfupi, na muuzaji anayekadiria kwa macho humpotosha. Shanta lisilolingana na mgongo huuacha mkanda wa kiunoni ukikaa tumboni au chini ya nyonga, na fremu hubaki kuwa uzito wa bure.

Fremu ya nje hupitisha upepo mgongoni, jambo jema katika joto, ila hunasa matawi. Ya ndani hushikamana na mwili na ndiyo ifaayo vichakani. Lita 50 hadi 60 zatosha siku tatu au nne. Maji peke yake ni mzigo, kwani lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo shanta tupu ni vema lisizidi kilo mbili.

Anayenunua la mtumba akague mishono ya mikanda ya mabega na vifungo, kisha alivae likiwa na kilo 12 ndani.