Magari mangapi kwa duma mmoja? Hivi ndivyo msongamano wa watalii unavyopimwa

Kati ya Julai na Oktoba, kuna asubuhi ambazo ukingo wa Mto Mara una foleni kama ya mjini. Nyumbu wamesimama juu ya maji wakisitasita, redio za madereva zinaitana, na ndani ya dakika chache kila gari lililokuwa jirani limeshafika. Julai 2025, video za watalii walioshuka kwenye magari na kusogelea vivuko upande wa Serengeti zilisambaa mitandaoni na kuwakasirisha wengi.

Kila video ya namna hiyo ikitoka, swali ni lile lile: watalii wamezidi? Jibu linategemea umepima nini.

Namba inayotangazwa mara nyingi ni ya wageni kwa mwaka. Inafaa kwa hesabu za mapato, lakini kuhusu msongamano haisemi kitu. Serengeti ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Gawanya wageni wote kwa eneo hilo na utadhani hifadhi iko tupu. Ila hakuna mtalii anayelipa nauli ya ndege kwenda kutazama wastani; wote wanataka kivuko kile kile, saa ile ile.

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni magari au watu walio mahali pamoja kwa wakati mmoja, na muda wanaokaa hapo. Halafu kuna kipimo kigumu zaidi: yule mnyama anapata athari gani?

Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara, Kenya. Sehemu zenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao hadi wakajitegemea. Sehemu zenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Yaani kwa mara kumi za kuzaa, upande mmoja wanabaki watoto 2, upande wa pili 23.

Utafiti haukusema kwamba magari yanawaua watoto wa duma moja kwa moja. Lakini duma huwinda zaidi mchana, saa hizo hizo ambazo magari yanazunguka. Akiharibiwa windo mara kadhaa, watoto wanalala njaa. Na hakuna abiria hata mmoja atakayeona kosa lolote kwenye picha zake.

Kwenye njia za miguu hesabu ni rahisi kidogo. Mbinu inayotumika sana ni ya Miguel Cifuentes, aliyeichapisha mwaka 1992. Chukua mfano wa njia ya mita 1,000. Kila mtu akihitaji mita 1, wanaenea watu 1,000 kwa pamoja. Matembezi yakichukua saa 2 na lango likiwa wazi saa 8, unapata zamu 4, sawa na watu 4,000 kwa siku.

Sasa anza kupunguza. Weka makundi ya watu 20 yenye nafasi ya mita 100 kati yao: kila kundi linakula mita 120, hivyo yanaenea makundi 8 tu, watu 160 kwa zamu, 640 kwa siku. Kama askari waliopo wanatosha kusimamia nusu yake, kikomo ni 320. Kutoka 4,000 hadi 320, na njia haijapungua hata hatua moja. Mvua kubwa, mmomonyoko au msimu wa kuzaliana vinaweza kuishusha zaidi.

Kupata namba ni nusu ya kazi. Kuisimamia ndiko kunakoshinda wengi.

Maasai Mara ina kanuni ya magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja, na dakika 10 kwa gari kama wengine wanasubiri. Iko wazi kabisa, ila inamtegemea askari aliyepo pale pale. Gari la sita linapofika na askari yuko mbali, nani atamrudisha?

Linganisha na sokwe wa milimani nchini Rwanda. Kila familia ya sokwe iliyozoeshwa watu hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja. Uganda nako ni watu 8. Kikomo kiko ndani ya kibali chenyewe: vikiisha vimeisha, hata uwe na pesa kiasi gani. Rwanda kibali cha mgeni wa nje kimekuwa dola 1,500 tangu 2017.

Akropoli ya Athens, Ugiriki, inatumia njia kama hiyo kwa umati mkubwa. Tangu Septemba 2023 haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku, na tiketi ina saa ya kuingia. Saa hiyo ina kazi kubwa, maana watu 20,000 wakifika wote asubuhi ni vurugu, wakigawanywa kutwa nzima wanapumua.

Mara imepandisha kiingilio: tangu 2024, mgeni wa nje hulipa dola 100 Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba. Bei inaweza kuwapunguza baadhi ya wageni. Lakini haihesabu magari yaliyomzunguka duma, na aliyelipa dola 200 ana hamu kubwa zaidi ya kusogea karibu.

Hapo dereva ndiye anayebanwa. Akibaki nyuma, wageni wananuna na bahashishi inapungua; akisogea, amevunja kanuni. Wageni wakimwambia mapema, kabla ya kutoka kambini, kwamba wako tayari kusubiri au kuondoka yakishafika magari matano, wanamwondolea mzigo huo.