Kibao Kilichozimika Nuneaton

Ukipita mahali ulipoambiwa kuna kibao cha kupunguza mwendo, na kibao hukioni, utafikiri nini? Mimi ningefikiri kazi imeisha, twende. Ndivyo alivyofikiri dereva mmoja wa treni Uingereza usiku wa tarehe 6 Juni 1975, na watu sita wakafa.

Ilikuwa treni ya kulala kutoka London Euston kwenda Glasgow, imechelewa zaidi ya saa moja kwa sababu kichwa chake kiliharibika njiani. Karibu na stesheni ya Nuneaton reli zilikuwa zikifanyiwa kazi, kwa hivyo mwendo ulishushwa hadi maili 20 kwa saa. Kulikuwa na vibao viwili. Cha kwanza kilisimama zaidi ya maili moja kabla, kumwambia dereva aanze kushika breki. Cha pili kilionyesha pale mwendo wa pole unapoanzia. Treni ya maili 80 kwa saa haisimami kama bodaboda, kwa hivyo kibao cha pili peke yake ni habari iliyochelewa.

Usiku, vibao hivyo viliangazwa kwa taa za gesi ya mtungi. Taa za kile cha kwanza zilikuwa zimezimika. Dereva alizitafuta, hakuziona, akaamua kizuizi kimeondolewa. Alipoona kibao cha pili alifunga breki, lakini treni iliingia pale ikiwa bado na takriban maili 70. Watu 38 walijeruhiwa.

Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiliwa. Sina ubishi. Kinachonikera ni kwamba madereva wengine waliopita kabla yake waliliona hilo giza, na hakuna aliyesimama kuripoti. Sisi tunaokwepa shimo la barabara kila siku na kwenda zetu tunawaelewa vizuri sana.

Tena onyo lilishatolewa. Mwaka 1969, treni ya kulala ya kwenda Aberdeen iliingia kona ya Morpeth na maili 80 badala ya 40, wakafa sita. Baada ya hapo kona kali kama hizo zikaanza kupewa vibao vya kuonya mapema, pamoja na sumaku relini inayopiga honi ndani ya kichwa cha treni. Dereva asipoijibu, breki zinajifunga. Lakini vibao vya muda vikaachiwa gesi yao hadi Nuneaton.

Mwaka 1984, treni nyingine ya kulala ilianguka kona ileile ya Morpeth, safari hii ikitoka kaskazini. Hakuna aliyekufa. Upande huo sumaku haikuwa imewekwa.